Bordeaux ya Papa Placide

Wageni walipokuja kumposa Carmel, baba yake aliandika orodha ya mahari kama wazazi wengine wa Lubumbashi wanaoishi Johannesburg: mbuzi, suti ya baba, vitenge vya mama, blanketi la bibi. Mwisho kabisa akaongeza mstari mmoja: chupa moja ya divai nyekundu ya Bordeaux, iliyotoka Ufaransa kwenyewe.

Hakuna aliyeshangaa. Mtaa mzima wa Yeoville ulijua kwamba Papa Placide, kabla ya kufungua kibanda chake cha kupunguza suruali na kubadilisha zipu, alikuwa mhudumu wa meza kwa miaka ishirini na miwili katika hoteli moja kubwa ya Lubumbashi. Mteja aliyeleta koti alirudi nalo pamoja na somo la divai.

"Mto ni mmoja, unaitwa Gironde," angeanza, sindano mdomoni. "Ukiutazama unakoelekea baharini, kushoto kuna changarawe. Hapo inastawi Cabernet Sauvignon, zabibu ngumu. Hiyo ndiyo mifupa ya divai. Kulia kuna udongo wa mfinyanzi. Hapo ni Merlot, laini. Hiyo ndiyo nyama. Cabernet Franc inaongeza harufu. Na kwa nini wanazichanganya? Kwa sababu mvua ya bahari haina adabu. Ikiharibu moja, nyingine imepona."

Jambo moja tu hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe Victorine. Hakuwahi kuionja.

Somo lote alilipata kwa Damien, mkuu wa wahudumu, aliyekuwa akiwachorea vijana wapya ramani ya ule mto kwa ncha ya uma juu ya kitambaa cha meza. Damien huyohuyo ndiye aliyewanusa midomo kila mwisho wa zamu, na aliyekutwa ameonja hakuonekana tena kazini. Huku Johannesburg divai imejaa madukani, lakini chupa ya Bordeaux yenyewe haikulingana na mfuko wa fundi wa zipu. Na kadiri watu walivyozidi kumsikiliza, ndivyo aibu ilivyozidi kumla. Alijiona kama mtu anayesifia vyumba vya nyumba ambayo hajavuka kizingiti chake. Kwa hiyo Carmel alipopata mchumba, Papa Placide aliona mlango umefunguka.

Mchumba mwenyewe alikuwa Égide, Mrundi mpole, dereva wa mashine ya kupakia mizigo katika ghala moja la Midrand. Wiki ile ile alimtumia Carmel picha ya chupa aliyoiona dukani. Carmel akampelekea baba simu.

"Papa, angalia. Imeandikwa Bordeaux."

Papa Placide akavaa miwani. "Imeandikwa mchanganyiko wa Bordeaux. Zabibu ni zilezile, ila zimelimwa Stellenbosch, hapahapa Afrika Kusini. Ni divai nzuri, siikatai. Lakini huyu ni mjukuu aliyepewa jina la babu. Mimi nimemwita babu."

"Eish, Papa," alisema Carmel, akatoka kwenda kumpigia Égide.

Jumamosi sita kijana alizunguka madukani. Ya saba akaipata, katika duka moja la Sandton, juu kabisa ya rafu.

Siku ya kukabidhi mahari, wageni walipanda ghorofa tano kwa miguu, maana lifti ya jengo la Berea walimoishi akina Carmel ilikuwa imekufa. Walikuja Égide, mama yake Emérite, na msemaji wao Mzee Vénérand, mtu mnene mwenye maneno matamu. Vitenge vilifunuliwa, vikasifiwa. Suti ilijaribiwa, ikakaa vizuri kila mahali isipokuwa mikononi, na Papa Placide mwenyewe akasema hiyo ni kazi yake. Mbuzi, aliyetangulizwa mapema, alikuwa ameshachinjwa tangu asubuhi na sasa alikuwa jikoni kwa Victorine. Ndipo chupa ikawekwa mezani.

"Kwetu Burundi," alisema Mzee Vénérand, "kinywaji anakionja kwanza mwenye nyumba, ndipo wageni wanywe kwa amani. Tena hapa mwenye nyumba ni mwalimu. Tuonjee, Papa Placide, utufundishe."

Papa Placide akasimama. Akatupia taulo safi mkononi, akazungusha kizibuo, akatoa kizibo bila kelele. Mikono haikuwa imesahau kitu. Akamimina kidogo katika bilauri, akaizungusha, akanusa, akawapa mto na changarawe na udongo wa mfinyanzi. Kisha akanywa.

Ulimi ukamkauka. Mashavu yakajivuta ndani, kama mtu aliyeng'ata ndizi mbichi pamoja na ganda lake. Hii ndiyo ile waliyokuwa wakiinywa huku wamefumba macho kwa raha wale mabwana wa hotelini Lubumbashi?

Maneno ya Damien yalikuwa tayari mdomoni: matunda meusi, mbao za mwerezi. Angeweza kuyasema, na nani angempinga? Lakini macho yake yakakutana na ya Égide, aliyekaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini, akingoja kama mtu aliye mbele ya hakimu. Jumamosi saba.

"Wakwe zangu," alisema, "hii divai nimeimimina miaka ishirini na miwili. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuinywa."

Victorine akatokea mlangoni na mwiko mkononi. "Placide. Miaka thelathini ya ndoa, na hili hujaniambia?"

"Niliona haya."

"Na sasa unaionaje?" aliuliza Mzee Vénérand.

"Inakaza ulimi kama ndizi mbichi."

Kicheko kikaanzia kwa Mama Emérite. Akaomba bilauri, akaonja, akakunja uso. "Mkwe anasema kweli tupu," akasema, na sasa hata Égide akacheka, mabega yakamshuka.

Victorine hakucheka. Alirudi jikoni, akaja na sahani ya mbavu za mbuzi zinazochuruzika mafuta. "Huko hotelini walikuwa wakiinywa bila chakula?"

Papa Placide akamtazama. Damien alikuwa amesema pia kwamba divai hii hunywewa na nyama, naye Placide aliyakariri hayo bila kuyatia akilini. Akatafuna ubavu, akanywa tena. Safari hii divai ilipita kwenye mafuta polepole, ikalainika, ikaacha harufu tamu iliyobaki puani. Akanywa mara ya tatu, macho ameyafumba.

"Mwalimu amepotea," alisema Mzee Vénérand. "Tupeni na sisi hizo mbavu."

Chupa iligawanywa kwa watu sita, kila mmoja akapata vidole viwili, na kila mmoja akawa na lake la kusema. Papa Placide alikaa kando ya Égide, akamsimulia jinsi Damien alivyokuwa mkali na alivyowalipia wahudumu karo za watoto wao kimyakimya. Wazee walibishana kuhusu tarehe ya harusi. Juni ni baridi, Desemba watu wanasafiri. Walipokubaliana Jumamosi ya mwisho ya Septemba, Victorine na Emérite walikuwa wameshamaliza kuchagua rangi ya vitenge vya harusi.