Sura ya Noëlla mu Ordinatere

Tega: mumoja anakumbuka lakini hana mukono, mwingine ana mukono lakini hakumbuki. Wajukuu wangu, wanaoniita Koko, bibi yao, walikuwa wanajibu mbio: ordinatere, ile kompyuta, na imprimante, mashini ya kuchapa karatasi. Kutegua ni rahisi. Kuwaunganisha njo kazi.

Mwaka ule vita ilitufukuza Masisi, tukakimbilia Kashebere. Kwetu, watoto hawakimbie njia moja. Tunawagawanya, ili njia moja ikiharibika isiwamalize wote. Noëlla, mujukuu wangu, alipita njia ya juu na shangazi yake. Shangazi aliuawa. Mutoto, hakuna aliyejua alipo.

Sura yake ilibaki mu ordinatere ya Kavuo, mama wa Butembo mwenye duka aliyekimbia pamoja nasi, aliyempiga foto siku ya proklamasio, ya kusomewa matokeo ya masomo. Athanase, mutu wa parokia anayetafuta watoto waliopotea, alikuwa anashuka Kirotshe kuwatafuta asubuhi moja, kwa moto, pikipiki yake. Alitaka sura ya mutoto ku karatasi. Ordinatere ya Kavuo ilikuwa nzee, betri imekufa. Ukiitoa mu prizi ya umeme, inazimika. Haingepanda moto.

Sasa Kavuo naye aligawanya vitu vyake, kama sisi tulivyogawanya watoto. Ordinatere aliificha mu mufuko wa maharagwe, imprimante mu dari, kabo, kamba ya kuziunganisha, alimupa bwana yake Omer. Akatoa mashini zote mbili, akawasha grupu, jenereta ya umeme, akajaribu kabo ya aparei ya foto. Upande mumoja uliingia, mwingine ukakataa: tundu la imprimante lina pembe ine. Aliniambia imprimante hii iko kama yeye mwenyewe, haipendi wageni. Nilicheka kidogo, lakini macho yangu yalikuwa ku moto ya Athanase.

Omer alipoulizwa kabo, alikuna kichwa. Siku ya kukimbia kamba zilimuishia. Alifungia nayo godoro.

“Wenzangu waliolewa na wanaume,” Kavuo alisema. “Mimi niliolewa na godoro.”

Tulifungua fundo kwa meno. Kabo ilikuwa imekunjika, nyuzi zinaonekana. Ikiguswa, imprimante inasahau kila kitu. Basi Kavuo akanikalisha chini niishike kwa vidole viwili, nisipumue sana. Nikaishika vile unashika kifaranga. Imprimante ikakohoa, ikaanza kutema karatasi polepole: utepe wa nywele, paji la uso, macho yake yale makubwa, pua.

Halafu risasi zikalia upande wa kilima. Omer akakimbia kuzima grupu, maana sauti yake inaita wenye bunduki. Ordinatere ikawa nyeusi. Karatasi ikasimama katikati, na nje Athanase alikuwa amekwisha kuwasha moto.

Niliivuta, nikatoka nayo mbio. Aliitazama.

“Koko, hii iko nusu.”

Nusu iliyokosa njo ilikuwa na kidevu, na kidevu njo kilikuwa na alama. Noëlla alianguka ku mafiga angali anatambaa. Nikashika kidole cha Athanase, nikakiweka mu kidevu changu.

“Hapa. Iko na kovu la moto, kama punje ya muhindi.”

“Ku kushoto?”

“Ku kushoto. Na ukimuita, haitike mara ya kwanza. Muite tena.”

Aliiweka karatasi mu mufuko wa nailo, akaificha ndani ya shati. Akagusa kidevu chake mwenyewe, ku kushoto, kusudi asisahau, akashika barabara ya Kirotshe.