Miguu ya Karatasi ya Mtaa wa Howard

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, miguu ya karatasi hutoka chini ya mlango wa duka la Haverstock, Mtaa wa Howard, Baltimore. Hutoka jozi jozi, huenda kituo cha basi, husimama hapo mpaka saa sita, kisha hurudi ndani. Duka lenyewe, ghorofa saba, lilifungwa mwaka 1977 na madirisha yake yakapigwa mbao. Mfagizi wa mtaa huinua ufagio miguu ikipita, halafu huendelea na kazi.

Odessa Tolliver, mwenye miaka themanini na moja, aliitambua ya mama yake mara moja. Zamani watu Weusi hawakuruhusiwa kujaribu viatu Haverstock. Ulikuwa unakata karatasi kwa umbo la mguu wako, unampa muuzaji, naye anabaki nayo na kukuletea kiatu alichokiona kinafaa. Kikikubana, shauri yako, maana hakirudishwi. Mama yake, Lucille, kidole chake cha pili kilipanda juu ya kidole gumba. Aliandika hivyo kwa penseli pembeni mwa karatasi: Kidole kimepanda. Tafadhali. Muuzaji hakusoma, na Lucille alichechemea mpaka akafa.

Odessa alitaka kuipeleka miguu ile makaburini kwa mwenyewe. Jengo lilikuwa limenunuliwa ili ligeuzwe nyumba za kupanga, na mwisho wa mwezi vilivyomo vingechomwa. Wanunuzi waliweka meza mlangoni, na msichana mpole, Meredith, ili kila mtu achukue miguu ya watu wa kwao.

Hollis Pettigrew, aliyeendesha lifti humo miaka kumi na tisa, aliitazama meza kwa jicho la pembeni.

"Bi Odessa, hao wakikuchekea, shika mkoba wako."

"Nimeushika tangu nishuke kwenye basi, Hollis."

Alipofika mezani, ambapo miguu ya karatasi ilikuwa imepangwa, Odessa alivua kiatu. Kidole chake nacho kilikuwa kimepanda vilevile. Aliinua mguu auweke juu ya karatasi ya mama yake, Meredith akaivuta taratibu.

"Samahani, mama, hairuhusiwi kujaribu. Chora mguu wako kwenye karatasi, utuachie. Tutalinganisha wenyewe."

"Muulize kiatu kitakuwa tayari lini," Hollis alisema.

Odessa alikasirika. Hata hivyo alichora, miguu yote miwili, akaandika pembeni: Kidole kimepanda. Neno tafadhali hakuliandika. Meredith alishukuru, akatia karatasi sandukuni bila kuisoma, na sanduku likapelekwa juu.

Jumatatu ya mwisho ya mwezi, saa tatu, miguu ya Lucille ilitoka chini ya mlango. Ya Odessa ilitoka nyuma yake.

"Bado tunalinganisha, mama," Meredith alisema.

Odessa alikwenda kusimama nayo kituoni. Saa sita yote minne ilirudi ndani, na Meredith alikuwa akimpa penseli mama mwingine.