Ndugu Mmoja au Zaidi

Mimi na ubishi tumezaliwa siku moja. Kwa hiyo Themis, mkuu wangu wa kazi, aliposema mchoro wangu wa programu ya hospitali uko sawa tuuwasilishe, nilikataa. Mchoro ni visanduku na mistari tu; kila mtu huuitikia kwa kichwa ili akanywe kahawa. Nikaiamuru kompyuta iugeuze mchoro uwe programu ya majaribio, nikaipeleka wodini.

"Jaribuni kuiharibu," nikawaambia wauguzi.

Bi Evanthia, muuguzi mkuu, akavaa miwani. "Niiharibu? Hujui unamwambia nani, binti yangu."

Akajiandikisha yeye mwenyewe kama mgonjwa: jina, umri, upasuaji wa nyongo. Ukurasa uliofuata ukauliza jina la ndugu. Akaupita bila kuandika. Kisanduku kikawa chekundu. Akajaribu tena, chekundu vilevile.

"Loo, imegoma!" nikasema, nikisogea nione vizuri. "Andika ndugu yeyote."

"Sina."

"Acha utani! Nani Mgiriki asiye na ndugu?"

Wodi nzima ikacheka. Ndio sisi hao: kwetu mgonjwa hulazwa pamoja na shangazi, supu na mito. Kwenye mchoro nilikuwa nimeandika kwamba mgonjwa ana ndugu mmoja au zaidi, na wakubwa wote waliusoma bila kuona kasoro.

Bi Evanthia hakucheka. "Mume nimemzika. Watoto Mungu hakunipa. Na huu upasuaji si wa kubuni, Stamatia. Nalazwa Alhamisi."

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikaufungua mchoro papo hapo, nikafuta "mmoja", nikaweka "sufuri", kompyuta ikaunda programu upya.

"Jaribu sasa, bi mkubwa."

Akaandika yale yale. Safari hii ikampitisha. Skrini ikasema: Ndugu: hakuna. Endelea.

"Imepona," akasema. "Lakini kile chekundu angalau kilikuwa bado kinanisubiri nitaje mtu."

Mchoro sasa ulikuwa sahihi, lakini haukunitosha. Nikaivuta kibodi.

"Unafanya nini?"

"Tulia." Nikarudi kwenye ukurasa wa ndugu, nikaandika jina langu.

"Uongo huo. Wewe si ndugu yangu."

"Si tunajaribu tu, Bi Evanthia? Haya, Alhamisi saa ngapi?"