Kichwa cha Marcelino Kabla ya Kanta

"Toa huo mkono kichwani," Bi Badriya alimwambia Marcelino kabla hata hajakaa. "Unajikuna kama mwenye chawa."

Marcelino akaushusha mkono. Alikuwa ameingilia uani, maana saluni ya Bi Badriya, mtaa wa pili kutoka soko la Kariakoo, ilikuwa ya kina mama, na mwanamume mzima kuonekana mlangoni pale ni mazungumzo ya mtaa mzima. Lakini angefanyaje? Jumamosi mkaguzi alikuwa anakuja kwenye ghala la shirika alikokuwa akipima magunia, kuwapunguza wazee. Cheti cha kuzaliwa Marcelino hakuwa nacho, wala wenzake wengi. Mama zao waliwazalia migombani huko Uchagani na habari ikaishia hapo. Kwa hiyo mkaguzi alikuwa anatazama kichwa tu. Akiona mvi, umestaafu, rudi kijijini ukalime. Ukalime wapi? Kihamba cha baba yake, lile shamba la migomba la ukoo, kaka zake walishakigawana.

"Kanta ya kuficha mvi nitakupaka Ijumaa," alisema Bi Badriya, akimpekua nywele kwa ncha ya kitana. "Ila kichwa hiki kimejaa mafuta ya nazi, baba. Dawa itateleza tu. Nenda ukakioshe kwa sabuni, kesho na keshokutwa. Usipake mafuta. Usijikune. Na siku ya kuja kwangu usioshe kabisa, ngozi iwe na kinga yake. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bi mkubwa."

"Ukija na kidonda sikugusi. Kanta ikiingia kwenye kidonda, uso unavimba mpaka macho yanapotea."

Kuelewa alielewa. Sabuni ndiyo haikuwepo. Alikwenda duka la ushirika akakuta rafu tupu na muuzaji anasinzia. Akazunguka Msimbazi yote, duka kwa duka, akijibiwa kwa kutikiswa kichwa. Nchi nzima inaambiwa ijitegemee, akawaza, halafu mtu hapati hata kipande cha kuoshea kwapa. Lakini wale wanaopita kwenye magari wamefunga vioo, mbona kola zao nyeupe? Wao wanafulia mate? Ndio hao hao wanaosema redioni. Mama Severa, mkewe, alifia kwenye benchi la hospitali mvua za mwaka juzi akisubiri dawa iliyokwisha, na jioni yake redio ikasema mambo yanakwenda vizuri. Tangu siku ile Marcelino hakuiamini redio, wala mwenye kuisemea.

Jirani yake Kuruthumu alimwonea huruma. "Twanga majani ya mpapai, shemeji. Sisi tunafulia hayo siku hizi. Yanatoa uchafu."

Akatwanga, akasugua, akasuuza. Akapitisha kidole utosini: bado panateleza. Hofu ikamshika. Ijumaa ilikuwa inakuja, na kichwa kinang'aa kama chapati. Ndipo akaona kopo la magadi yake ya kupikia maharage. Magadi yanalainisha maharage makavu, yatashindwa na mafuta? Akayamwaga kwenye kata, akayakoroga na yale majani, akajipaka, akajifunga kitambaa, akakaa.

Kikaanza kuwasha. Akasema ndiyo kazi inafanyika. Kikachoma. Akauma meno. Alipokuja kukimbilia ndoo, ngozi ya utosini ilishababuka.

Ijumaa Bi Badriya alifungua kitambaa, akakirudisha haraka.

"Marcelino! Umekipika kichwa?"

"Paka hivyo hivyo, dada yangu. Nitavumilia."

"Utavumilia kuvimba? Kesho mkaguzi akuone kama boga? Sipaki."

"Basi nimekwisha."

"Hujakwisha." Aliufunga mkebe wa kanta, akafikiri. "Nyoa. Mvi zote zinabaki kwa kinyozi."

Kinyozi wa Mnazi Mmoja alipita pole pole kandokando ya vidonda, na hata hivyo Marcelino alitokwa machozi. Ndevu nazo zikaenda. Usiku huo hakulala. Kila akijigeuza, mto unamchoma, na wazo linamrudia: nyusi je? Nyusi zina nyeupe ngapi?

Asubuhi wakapangwa mstari mbele ya ghala. Mkaguzi, ndugu Shaibu, kijana mwenye tumbo la mtu mzima, alikaa mezani akimtazama kila mtu kichwani kama anayenunua mbuzi. "Wewe pumzika. Wewe kazini. Wewe pumzika." Zamu ya Marcelino ikafika. Shaibu akainua macho, akaona upara mbichi wenye mikwaruzo myekundu, akaweka kalamu chini.

"Oo. Pole sana, ndugu. Nani?"

Marcelino hakuelewa. Kisha akaelewa: kwao na kwa wengi, mtu akinyoa kipara hivyo amefiwa. Aseme hapana, ataulizwa kwa nini amenyoa.

"Mama Severa," akasema. "Mke wangu."

Ulikuwa ukweli, na aliusema kwa sauti ile ile ya siku ya msiba. Shaibu hakuuliza lini.

"Mwenye msiba hatumpimi leo. Nenda nyumbani. Nitakuona nikirudi baada ya arobaini."

Marcelino akashukuru kwa kichwa, akageuka. Nyuma yake alisimama Onesphory, mchukuzi wa pale ghalani, kichwa cheupe kama pamba, ambaye mwaka juzi alishika upande mmoja wa jeneza la Mama Severa. Walitazamana. Onesphory alitazama upara ule, akatazama meza, kisha akamnong'oneza aliyemfuata amshikie nafasi.

"Unaenda wapi?" Marcelino alimuuliza kwa hofu.

"Mnazi Mmoja, mara moja."

"Onesphory, wewe! Mke wako mzima!"

"Nitasema mama mkwe," alijibu Onesphory, tayari anakimbia.

Na mzee wa tatu mstarini, aliyesikia yote, akavua kofia, akajipapasa mvi zake, akaanza kumfuata. Mezani ndugu Shaibu alikuwa ameinua kichwa, anawahesabu wanaoondoka.