Vishikwambi vya Darasa la Tano

Mwalimu Tabia alikulia chuoni. Baba yake alisomesha watoto Kurani barazani kwake, hapo Kaole, na jambo la kwanza alilomfunza binti yake halikuwa alifu wala be, bali adabu ya kitabu: nawa, vua viatu, kiweke juu ya marfaa, kibao chake cha kusomea, usikiguse kabla hujaambiwa. Kwa hiyo wafadhili walipoleta vishikwambi kumi shuleni, na mwalimu mkuu akavikabidhi kwa Tabia wa darasa la tano, alivipokea kwa njia aliyolelewa nayo.

Sharti la wafadhili lilikuwa jepesi. Mwisho wa muhula watakuja kuwatazama watoto. Wakiwaona wanavitumia, vitabaki na vingine vitaongezwa. La, vitahamishiwa shule ya Msata.

Tabia alikishonea kila kimoja mfuko wa kanga, akavifungia kabatini. Siku ya somo watoto walivua viatu mlangoni, wakanawa kwa sabuni, wakaketi wamekunja mikono. Yeye ndiye aliyewasha, yeye ndiye aliyegusa. Alikipitisha kimoja mbele ya macho yao, wakasoma kwa sauti ukurasa wa moyo na mishipa ya damu, kisha kikarudi mfukoni.

"Dada Tabia," Mwalimu Khamis wa darasa la sita alimtania, "naona umetia wari ndani. Lakini mwari naye siku yake ikifika huchezwa ngoma akatoka. Hawa wako watatoka lini?"

"Watoto wakivivunja, utakwenda kujibu wewe?"

"Nitakwenda. Nitasema vimevunjika vikifanya kazi."

"Wewe kaka, hata chaki zako huzioni zinakoishia. Kitunze kikutunze."

Khamis akacheka, akaenda zake.

Siku moja Adila, binti wa mama mmoja mkulima wa mwani, mtoto asiyekwisha maswali, alishindwa kujizuia. Kishikwambi kilipompitia alibonyeza ile picha kwa kidole. Moyo ukaanza kudunda, damu ikakimbia mishipani, nyekundu na buluu.

"Ehee! Unapiga! Unapiga!" Darasa zima likainuka.

Tabia akampiga kofi mkononi. "Nani kakuruhusu?"

"Nilitaka kuona, mwalimu."

"Kuona ni kwa macho. Simama pale."

Adila alisimama ukutani hadi kipindi kikaisha. Tangu siku hiyo hakuna kidole kilichonyooshwa tena, na Tabia aliwasifu kwa walimu wenzake kwamba darasa lake lina heshima.

Muhula ulipoisha alikuja Bi Sabiha kutoka kwa wafadhili, pamoja na Bwana Mikdad, afisa elimu wa kata.

"Shikamooni!" watoto wakaamkia kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu." Bi Sabiha alitoa kishikwambi mfukoni, akakigeuza huku na huku. "Mashallah! Kama kimetoka dukani leo."

Tabia alitabasamu. Alijiona ameshinda.

"Haya, binti," Bi Sabiha alimwambia Adila aliyekaa mbele, "kamata. Nitafutie somo lolote unalolipenda."

Adila alificha mikono nyuma. Bi Sabiha akamgeukia Najim, jirani yake, naye akaitia yake chini ya dawati.

"Kwani kinauma?" Bwana Mikdad akauliza.

Watoto walicheka kidogo, wakamtupia jicho mwalimu wao, wakanyamaza.

"Shika, Adila," Tabia akasema. "Leo ruhusa. Shika, mama."

Adila alinyoosha kidole. Kilifika juu ya kioo, kisha akakirudisha.

"Mwalimu, na nikikosea?"

 Jibu la swali hilo Tabia alikwisha kulitoa, tena mbele ya darasa zima, na mtoto alikuwa amelihifadhi vizuri.

Nje, Bi Sabiha alisema naye kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko karipio. "Kwa utunzaji, mwalimu, sina la kukulaumu. Wale wa Msata vile vyao vichache wamekwisha kuvunja viwili. Lakini nilipokwenda, watoto ndio walionifundisha mimi."

Vishikwambi vikapakiwa garini. Mwalimu Khamis alisimama kando akitazama. Safari hii hakutania, na Tabia alitamani angetania.

Alirudi darasani akasimama mbele ya watoto. Adila akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mle ndani mlikuwa na masomo gani mengine?"

Tabia aliwaza. Muhula mzima hakuwahi kuuvuka ukurasa ule mmoja, kwa hofu ya kubonyeza pasipostahili akaharibu.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Hata mimi niliogopa."

Kengele ya mapumziko ikalia. Hakuna mtoto aliyeinuka. Wote walikuwa wakimtazama, wakingoja ruhusa.