Giga za Kilio

Mtaani Katoyi kila mwenye cheo alijulikana kwa cheo chake. Papa Jean-de-Dieu Murhula, tangu benki aliyoitumikia ifunge milango, alikuwa Mlinzi Mkuu wa Giga wa nyumba yake. Hakuna aliyemteua. Alijitawaza mwenyewe siku ile fundi wa Kivu Hewa alipofunga antena juu ya bati na kumwekea kwenye simu programu inayoonyesha nani ndani ya nyumba amekula intaneti kiasi gani. Kuanzia hapo, kila asubuhi alivaa miwani, akanyoosha shati, akafungua ukaguzi.

Mkewe Nabintu ndiye aliyepatikana na hatia ya kwanza: alikuwa akifuata rozari kwa video. Mlinzi Mkuu alimsomea mashtaka pale pale jikoni, samaki wadogo wa sambaza wakikaangwa, akamshauri asali bila picha, kwani Bikira Maria anasikia hata pasipo koneksio. Nabintu akajibu kwamba mwanaume anayeshinda nyumbani anakula kuliko simu yoyote, ila programu yake haionyeshi hilo. Kesi ikaahirishwa.

Wiki ile, lakini, mzaha ulikoma. Binti yao Gisèle alikuwa kwenye majaribio ya kazi. Duka moja la magodoro huko Ufaransa lilitafuta watu wa kuwajibu wateja wake kwa maandishi, kila mtu akiwa kwake, na Gisèle, aliyemaliza chuo kikuu na kukaa bure mpaka majirani wakaacha kumuuliza, alichaguliwa kujaribiwa wiki nzima. Zamu ilianza saa nne asubuhi. Sharti lilikuwa moja tu: asipotee. Mteja akiwa anangoja na jina la Gisèle likazimika, basi amejiondoa mwenyewe. Akifaulu, nyumba ingepata tena mshahara, na haukuwapo mwingine wa kutumainia.

Kwa hiyo Mlinzi Mkuu akatangaza hali ya hatari. Alizifungia simu zote isipokuwa ya Gisèle, akaanza na ya kwake ili historia isimlaumu. Giga zilizobaki za mwezi alizipima asubuhi na jioni, kama joto la mgonjwa. Zilitosha mpaka Jumamosi. Zikiisha mapema, Kivu Hewa hawakati; wanapunguza kasi mpaka kila neno linakwenda kama mbuzi anayeburutwa sokoni. Nyongeza ilikuwapo ya kununua, ila ukiinunua leo inaingia kesho. Na mtandao wa kawaida wa simu, hapo Katoyi, hukupa nusu ya sentensi na kubaki na nusu.

Benny, ajenti wa Nyota Net, alikuwa hakosi kupita na kofia ya kampuni yake, akieleza kwamba kwao ni illimité, yaani unakula mpaka uchoke, na kwamba wao wanaunganisha papo hapo. Papa Jean-de-Dieu alimjibu kwamba yeye hahami kanisa katikati ya misa.

Mwanzo wa wiki ulikwenda vizuri. Kupitia ukuta wa mbao walimsikia Gisèle akibonyeza herufi. Kufikia Jumatano alikuwa anajua maumivu ya mgongo ya nusu ya Ufaransa, na mara moja moja alicheka peke yake. Nabintu hakuwa amekisikia kicheko hicho kwa muda mrefu. Akawa anaweka sufuria chini polepole, zisigongane.

Alhamisi alfajiri akafariki mama Nyirarukundo, jirani wa lupango lile lile, yaani ua mmoja nao, mlango wake ukitazamana na wao ng'ambo ya bomba la maji. Papa Jean-de-Dieu akatoa viti vyote, shitingi ya kuzuia jua na sufuria kubwa. Nabintu akaenda kulia na wenzake. Gisèle alilia kidogo, akanawa uso, na saa nne akaingia kazini.

Muda si mrefu akaja Hitimana, kaka wa marehemu, aliyetoka Kalengera mara tu alipopata habari. Alikaa, akaweka kofia juu ya magoti, akaeleza. Watoto wa marehemu wako mbali: Umurerwa yuko Australia, Nizeyimana yuko Ulaya, Norvège. Hawawezi kufika, na mazishi ni mchana huo huo. Wamejaribu mtandao wa simu tangu asubuhi, picha haipiti. Wanachoomba watoto ni kuuona uso wa mama yao kabla sanduku halijafungwa.

"Papa Gisèle," alisema, "viti ulitupatia, sufuria ulitupatia. Sasa tunakuomba code ya wifi. Ya simu moja tu."

Kuwanyima kiti watu wa kilio, Katoyi hakuna aliyewahi kuthubutu. Kuhusu kuwanyima mega, sheria ilikuwa haijatungwa. Papa Jean-de-Dieu aliona wazi kwamba ingetungwa siku hiyo, na yeye angekuwa mfano wake. Akaenda mpaka mlangoni kwa Gisèle, akamweleza kwa kunong'ona. Gisèle hakuondoa macho kwenye kioo.

"Umupe, papa. Mama Nyirarukundo njo alinifundisha kusuka. Simu moja haiwezi kumaliza."

Simu ilikuwa moja kweli. Ila Hitimana alikuwa mjomba mwema, na mjomba mwema hali peke yake: simu yake iligawia intaneti simu za wapwa, na za wapwa zikagawia za wageni. Kila mgeni aliyetoka huko kwao Rutshuru alikuwa na mtu wake Kampala, Nairobi au Bruxelles aliyetaka kulia pamoja nao, kwa video. Kwenye programu lilionekana jina moja, Hitimana, na mstari wake ulipanda kama maziwa yanayochemka.

Mlinzi Mkuu alitoka kwa hatua za kiserikali. Programu ile ina kitufe cha kumfungia mtu, na alikuwa amekwisha kukiwekea kidole aliposimama nyuma ya waombolezaji. Hapo akaiona simu. Mwanamke mmoja alikuwa ameishikilia juu ya sanduku kwa mikono miwili, na ndani yake alikuwa Umurerwa, kitambaa kichwani, dirisha la nyuma yake limeshaingia giza. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisa pamoja na wote, ila sauti yake ilichelewa nusu mstari. Lupango lote lilipomaliza, yeye alikuwa bado njiani. Watu walinyamaza, wakamngoja peke yake aufikishe wimbo mwisho.

Papa Jean-de-Dieu alikuwa amewafungia akaunti watu wengi maishani mwake, bila kupoteza usingizi. Hiyo moja ilimshinda. Akairudisha simu mfukoni.

Giga ziliisha katikati ya sala. Umurerwa aliganda mdomo wazi, na upande wa pili wa bomba mlango ukafunguka.

"Papa," alisema Gisèle, taratibu kwa sababu ya wafiwa, "sentensi zangu haziendi."

Papa Jean-de-Dieu akampigia Benny. Ushindani ni kitu kizuri: Benny alifika upesi kuliko gari la wagonjwa. Wakati jeneza linatoka, yeye alikuwa juu ya bati, ameishusha antena ya Kivu Hewa, kwa kuwa nguzo ilikuwa moja, na kuifunga ya Nyota Net. Taa zikawaka kijani zote. Wakangoja. Benny akapiga simu ofisini kwao, akasikiliza, akashuka ngazi polepole, kofia mkononi.

"Muzee, kazi iko sawa. Ni mnara wa Munigi njo haujatufungulia."

"Mnara wenu?"

"Sisi hatuna mnara, muzee. Mnara ni ya Kivu Hewa. Tunanunua kwao. Batafungua kesho asubuhi."

"Na illimité?"

"Illimité inaanza kesho."

Aliombwa airudishe antena ya zamani. Akaeleza kwa huzuni ya kweli kwamba iliyoshushwa sharti iwashwe upya na fundi wa Kivu Hewa, naye huja kesho yake. Kesho ilikuwa na kampuni mbili. Leo haikuwa na hata moja.

Gisèle alikuwa ameshatoka kwenda barabarani. Alipanda juu ya rundo la mawe meusi ya volkano, mkono umeinuliwa na simu, msafara wa mazishi ukipita chini yake. Jina lake liliwaka, likazimika, likawaka. Mteja mmoja alikuwa anangoja kuambiwa kama godoro lake linaweza kurudishwa. Kisha likazimika moja kwa moja. Jioni ujumbe wa duka ulifika nusu: Mpendwa Gisèle, tunakushukuru kwa muda uliotupa. Nusu ya pili hakuna aliyeingoja.

Asubuhi ya Ijumaa koneksio iliamka na nguvu ambazo nyumba ile haikuwahi kuziona. Hitimana akaja kushukuru kabla ya kurudi Kalengera. Alisema Umurerwa aliuona uso wa mama yake, na amemwagiza aulize ni nani aliyewasaidia.

"Nikamuambia ni nyumba ya Papa Gisèle. Nikamuambia na mutoto wao anatumika kwa ordinateur, ile kompyuta, na bazungu." Alimgeukia Gisèle, akamwekea mkono kichwani. "Mungu akubariki ndani ya ile kazi yako, mwanangu."

Papa Jean-de-Dieu alifungua mdomo.

"Amina, papa," Gisèle akawahi kumjibu Hitimana.

Alimsindikiza mgeni mpaka kwenye geti, akarudi, akakaa karibu na mama yake, akavuta ungo wa maharagwe na kuanza kuchambua. Ilikuwa saa nne kamili.