Chakula cha Mchana cha Watu wa Zamu ya Usiku

Dada Pasi alikwenda ughaibuni kunyoosha mashuka. Ndivyo mkataba ulivyosema: dobi wa hospitali, zamu ya usiku, miaka miwili. Jina hilo alipewa na wenzake wiki ya kwanza tu, kwa kuwa ile mashine ya kupigia pasi, ndefu kama kitanda cha watu wanne, ilimtii yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Kilichomshinda mwanzoni hakikuwa kazi, kilikuwa duka. Kila alichoshika alikibadilisha kichwani kuwa pesa za nyumbani, na kila alipobadilisha, mkono ukalegea. Nyanya tatu kwa bei ya tenga zima. Kitunguu kwa bei ya kuku. Akawa anatoka na mkate mtupu, anarudi kulala na njaa, halafu anamtumia mama yake mdogo picha za maua ya hospitali ili asije akaulizwa anakula nini. Mama mdogo hakudanganyika. Alimpigia simu akamkanya aache hesabu za nyumbani, maana mtu hawezi kufua mashuka ya huko akala kwa bei za huku.

"Tumbo halina ubalozi, mwanangu," alimwambia. "Kula."

Basi akaanza kula, lakini kwa akili. Alinunua mchele wa chenga, mboga za jioni duka likikaribia kufungwa, na mifupa ya supu ambayo muuza nyama alikuwa akiwawekea wenye mbwa. Siku moja, akitafuta pengine pa kubana, alimpelekea Mshonaji karatasi yake ya mshahara. Mshonaji ndiye aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Kazi yake ilikuwa kutia viraka mashuka yaliyochanika, na lugha ya wenyeji aliisoma vizuri. Akamsomea makato mstari kwa mstari: nyumba, bima, kodi, chakula.

"Chakula gani?" akauliza Dada Pasi.

Cha mchana, cha bwaloni, Mshonaji akaeleza bila kushangaa. Kila mfanyakazi hukatwa. Bwalo hufunguliwa saa sita mpaka saa nane mchana, na saa hizo wao wa usiku wamelala fofofo. Kutoka na chakula nje ni marufuku, imeandikwa mlangoni. Wapo waliomaliza mkataba wao bila kuonja hata kijiko.

Dada Pasi alikaa kitako kitandani. Miezi saba. Kumbe muda wote aliokuwa akigombea mifupa na mbwa, sahani yake ilikuwepo mezani, imelipiwa.

Akaenda kwa meneja wa utumishi, mtu wa sauti ya upole na kalamu tatu mfukoni. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha sahihi yake kwenye mkataba, akasema bwalo li wazi kwa wote. Asiyekuja, amechagua mwenyewe.

Kesho yake saa tano na nusu Dada Pasi aliamka, akatupia koti juu ya gauni la kulalia, akachomeka miguu kwenye ndala na kuingia bwaloni kilemba kikiwa upande. Manesi wakageuza vichwa. Alipanga foleni, akapakuliwa wali, kuku, kabichi na supu, akaketi meza ya katikati na kula taratibu mpaka mfupa ukang'aa. Kisha akarudi kulala.

Siku ya nne meneja alimfuata mezani, akamwambia kwamba mavazi yale hayafai mahali pa kazi.

"Hizi ndizo nguo za mtu anayepaswa kuwa amelala saa hizi," alisema Dada Pasi. "Nimekuja kula nilicholipia. Kama ndala zinakuudhi, niletee chakula saa nane za usiku. Nitakuja na sare."

Chumbani Mshonaji alimsihi aache, wasije wakarudishwa kwao wote wawili. Mkono usioweza kuukata, alimkumbusha, ubusu.

"Nimeubusu miezi saba," akajibu Dada Pasi, "na ndio huo unaonikata."

Mshonaji akacheka. Kesho yake adhuhuri alikuwa foleni, nyuma ya mwenzake, amejifunga shuka lenye viraka vyake mwenyewe. Akafuata fundi wa boila, wakafuata wapakiaji wa mashine. Wiki ya pili ilipokwisha, zamu nzima ya usiku ya ufuaji, watu kumi na wanne, walikuwa wakila mchana na nguo za kulalia huku wakipiga miayo. Mpakiaji mmoja alisinzia kijiko kikiwa mdomoni.

Vipande vya kuku vikaanza kupungua. Siku madaktari walipovikosa, mkurugenzi mwenyewe alishuka bwaloni, akamwita mpishi mkuu na kumuuliza mbele ya watu. Mpishi hakuwa mtu wa maneno. Alifuta mikono kwenye aproni, akasema yeye huletewa vyakula vya watu mia mbili, na mia mbili ndio anaowapikia. Vya mia mbili na kumi na wanne hajawahi kuviona.

Mkurugenzi, aliyejua kwamba wanaokatwa ni mia mbili na kumi na wanne, akamgeukia meneja. Meneja akazipapasa kalamu zake.

Wiki iliyofuata watu wa zamu ya usiku waliitwa mmoja mmoja. Barua ilisema makato ya chakula yatakoma mwezi ujao, ila kila mtu asaini kwamba hana dai lolote la nyuma. Watatu walisaini kwa woga, wala hakuna aliyewasuta. Dada Pasi alisomewa barua mara mbili, akaikunja, akairudisha mezani kwa meneja.

"Kuacha kuchukua si kurudisha," alisema. "Nipe changu, nami nitakupa sahihi hata kumi."

Meneja akamkumbusha kwamba mikataba mingine huwa haiongezwi muda. Dada Pasi akasema hilo analijua, akaomba ruhusa aondoke, maana saa sita imefika na wali unapoa.

Wale kumi na mmoja ambao hawakusaini waliendelea kula wiki tatu zaidi, na hazikuwa wiki rahisi. Macho yalikuwa mekundu, miguu mizito, na mara moja usingizi ulimponza Dada Pasi akaunguza kiganja kwenye mashine. Mara mbili alimwambia Mshonaji kwamba kesho atasaini. Kesho ikifika, anavaa ndala.

Mwisho fedha zikaingia bila maelezo: kwa Dada Pasi, miezi mitano kati ya saba. Wale kumi na mmoja walichanga, wakanunua gunia la mchele na dumu la mafuta kwa bei ya jumla, wakawa wanapika kwa zamu kwenye jiko la bweni kila jioni kabla ya kazi. Wale watatu waliosaini hawakulipwa kitu, lakini walipakuliwa kama wengine, wala hawakudaiwa mchango.

Meneja aliacha kumsalimia Dada Pasi. Yeye hakuacha. Kila asubuhi akitoka zamu na kumkuta kwenye korido, humwamkia kwa sauti ya kusikika mpaka wodini, humuuliza habari za watoto, kisha humuulizia ile miezi miwili iliyobaki.